Baraza la Bwana Shamba: Karatasi za Yatima Zitafutwe Mapema

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuchagua mbegu. Leo naweka jembe chini kidogo. Nataka tuzungumze juu ya watoto yatima, na watoto wanaolelewa na watu wasiowazaa. Nataka tuone njia yao ya kufika chuo kikuu.

Huenda mtu akauliza, "Bwana shamba ana habari gani na chuo kikuu?" Nitamjibu. Jambo hili lilitokea nyumbani kwangu, na kosa lilikuwa langu. Nalieleza ili lisitokee nyumbani kwako.

KOSA LANGU

Mwaka 2008 kaka yangu alifariki. Alifia nyumbani, kijijini kwetu, tukamzika kesho yake. Watu walikuja wengi. Tulilia, tukachangishana, tukamaliza matanga. Kisha kila mtu akarudi shambani kwake. Hakuna aliyekwenda ofisini kuandikisha kifo kile. Tulisema aliyekufa amekufa, karatasi ni ya nini?

Kaka aliacha mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka mitano. Mwaka uliofuata mama wa mtoto naye akafariki. Alifia kwao, katika wilaya nyingine. Mimi na mke wangu tukamchukua mtoto.

Mwaka 2010 nilimpeleka shuleni kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akauliza, "Jina la baba?" Nikataja jina langu. Sikutaka kumfuta kaka yangu. Nilitaka mtoto asijione mgeni nyumbani kwangu. Nilifanya hivyo kwa upendo, lakini upendo ule niliuandika mahali pasipo pake.

Mtoto alisoma kwa bidii. Mwaka 2023 alimaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri. Akapata nafasi chuo kikuu kusomea ualimu wa sayansi. Nyumba nzima ilifurahi. Lakini mshahara wangu unawajua watoto wengine wanne wanaosoma. Tukasema kijana ataomba mkopo wa Serikali.

Tulikaa mezani kujaza maombi. Tukafika mahali panapouliza habari za wazazi. Je, wako hai? Kijana akanitazama. "Baba mdogo," akasema, "hapa niandike nini?"

Ukweli tuliujua: baba na mama wote wamekufa. Lakini karatasi zilisema mambo mengine. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la kaka yangu. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina langu. Na cheti cha kifo cha kaka hakikuwapo. Kwa karatasi, kijana alikuwa na baba wawili. Mmoja yuko hai na anapokea mshahara. Mwingine hajafa.

Tulikwenda kwa ndugu wa mama yake. Mjomba wake ni mkulima wa mtama. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Nilimweleza shida yetu. Akaingia ndani, akafungua sanduku la bati, akatoa cheti cha kifo cha dada yake. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, hata hakikuchafuka. Akasema, "Mtendaji alituambia tuandikishe, nasi tukaandikisha."

Niliona haya. Mimi nina cheti cha kilimo, nimekitundika ukutani. Lakini karatasi moja ya kaka yangu sikuwa nayo.

Tukaanza kutafuta cheti cha kifo cha mwaka 2008. Mtendaji wa wakati ule alikuwa amehamishwa. Mzee aliyesimamia mazishi alikuwa amefariki. Ilibidi tupate barua ya kijiji, na mashahidi waliokumbuka msiba, na viapo. Nilikwenda wilayani mara nne. Tukahitaji pia kiapo cha majina, kueleza kwamba majina yale mawili ni ya kijana mmoja. Karatasi zilipokamilika, muda wa kuomba mkopo ulikuwa umekwisha. Nafasi ya chuo nayo ikapotea.

Kijana alikaa nyumbani mwaka mzima. Hakuninung'unikia. Aliniambia, "Baba mdogo, tulime." Tukalima. Mwaka 2024 aliomba upya, chuo na mkopo, akiwa na karatasi zote. Akapata. Sasa yuko mwaka wa pili.

Amenisamehe. Lakini mwaka wake mmoja niliula mimi, wala siwezi kumrudishia.

MKOPO HUU NI NINI?

Hebu sasa tuutazame mkopo wenyewe.

Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi hii huwakopesha Watanzania wanaopata nafasi katika vyuo, lakini wazazi au walezi wao hawana uwezo wa kutosha. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mkopo umefika pia kwa wanafunzi wa stashahada, katika baadhi ya masomo.

Mkopo husaidia mambo mengi. Upo mkopo wa chakula na malazi. Upo wa ada. Upo wa vitabu na wa mafunzo ya vitendo. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Baadaye ilipandishwa ikawa shilingi 10,000 kwa siku.

Bodi haimpi kila mtu sawa. Inatazama ni nani mwenye shida zaidi. Yatima anatazamwa kwa namna ya pekee. Hata aliyefiwa na mzazi mmoja anahesabiwa. Vilevile mwenye ulemavu, na yule ambaye mzazi wake ana ulemavu. Anatazamwa pia mtoto wa kaya inayosaidiwa na TASAF, na mwanafunzi aliyekuwa akilipiwa ada na mfadhili alipokuwa sekondari.

Lakini ndugu msomaji, Bodi iko mbali. Haikuwapo msibani kwenu. Haikuona kaburi. Haijui kwamba bibi mzee ndiye anayemlea mtoto kwa kuuza maandazi. Bodi inajua lile tu linaloonyeshwa na karatasi. Shida isiyo na karatasi, kwake ni kama haipo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mkopo ni deni, si zawadi. Kijana akimaliza masomo hupewa miezi 24 ya kujitafutia kazi, kisha huanza kulipa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Maana yake, katika kila shilingi 100,000 hukatwa shilingi 15,000. Mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni. Kwa hiyo deni limekuwa jepesi kuliko zamani, lakini bado ni deni. Mlezi anayeweka sahihi kuwa mdhamini aelewe anachotia sahihi.

KARATASI ZINAZOTAKIWA

Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo. Kijana ausome mwongozo wa mwaka wake, asitegemee wa mwaka uliopita. Lakini karatasi zifuatazo huwa hazikosekani:

1. Cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi.

2. Cheti cha kifo cha baba, au cha mama, au cha wote wawili, ikiwa mwanafunzi ni yatima.

3. Barua ya mfadhili, ikiwa alilipiwa ada na shirika, kanisa, msikiti au mtu mwingine.

4. Fomu iliyothibitishwa ya ulemavu, kwa wanaohusika.

5. Fomu ya maombi yenye sahihi ya mwanafunzi, ya mdhamini, ya kiongozi wa kijiji au mtaa, na ya hakimu au wakili anayeapisha watu. Picha za mwanafunzi na mdhamini hutakiwa pia.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo havitoshi kuwa navyo mkononi. Ni lazima vihakikiwe. Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huuita RITA. Kwa Zanzibar hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Uhakiki huchukua siku, na mwombaji asingojee wiki ya mwisho.

Maombi yenyewe hufanywa kwa mtandao, kwa kompyuta au simu. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, baada ya kidato cha sita kumaliza mitihani. Halikai wazi muda mrefu. Ada ya kuomba kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000. Mlezi aanze kuiweka akiba mapema.

TUFANYE NINI LEO?

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Anatayarisha shamba wakati wa kiangazi. Karatasi za yatima ni vivyo hivyo. Hazitafutwi kidato cha sita. Hutafutwa mtoto akiwa bado mdogo.

Kukitokea kifo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitalini, ndugu wachukue karatasi ya taarifa kabla ya kuondoka na mwili. Aliyefia nyumbani, ndugu waende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, waandikiwe kibali cha mazishi na taarifa ya kifo. Kisha waende kwa msajili, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Najua siku za msiba kichwa hakitulii. Basi kabla matanga hayajaanuliwa, ukoo umteue mtu mmoja wa kazi hii tu. Tunamteua wa kuni na wa maji. Tumteue na wa cheti.

Kama kifo ni cha zamani. Usikate tamaa. Kifo cha miaka iliyopita huandikishwa pia, ila kazi yake ni kubwa zaidi. Anza sasa, wakati mashahidi wangali hai. Kila mwaka unaopita unaondoka na mzee mmoja anayekumbuka.

Mtoto akianza shule. Mwandikishe kwa majina yaliyo katika cheti chake cha kuzaliwa. Usiandike jina lako kama mimi. Mapenzi yako yataonekana katika chakula, katika sare na katika maneno mema. Kama kosa limekwisha fanyika, nenda kwa mwalimu mkuu mapema. Ni rahisi kusahihisha kabla ya mtihani wa kidato cha nne kuliko baadaye, kwa sababu jina la mtihani ule humfuata mtoto mpaka chuoni.

Mtoto akiwa sekondari. Karatasi zote ziwekwe pamoja, ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pasipofika mchwa wala panya. Toa nakala za kila karatasi. Nakala moja ikae kwa ndugu mwingine. Nyumba huungua, na paa huvuja.

MTOTO WA MAKAO NA MTOTO WA MAHAKAMANI

Wako watoto ambao wazazi wao hawakufa, lakini hawako nao. Mmoja aliokotwa. Mwingine alitelekezwa. Mwingine analelewa katika makao ya watoto. Mwingine yuko katika malezi ya kambo, yaani anaishi na familia iliyokubaliwa na ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawatambua watoto hawa.

Mtoto kama huyu hana cheti cha kifo cha kuonyesha. Kwa hiyo mtu wake wa muhimu ni Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Mlezi amfahamu afisa huyu mapema. Ahakikishe jalada la mtoto lipo, na kwamba cheti cha kuzaliwa kimepatikana. Wakati wa maombi ukikaribia, waende pamoja, mlezi na kijana. Waulize ni barua gani itaeleza hali ya kijana kwa Bodi. Barua ya ustawi wa jamii haiandikwi kwa dakika moja. Afisa anapaswa kujua anachokiandika.

Wako pia watoto waliowahi kufikishwa mahakamani. Hapa kijiji huwa kinakosea sana. Mtoto alikuwa na miaka 14, akaiba kuku au akapigana. Miaka mitano baadaye bado tunamwita mwizi. Sheria ya Mtoto haisemi hivyo. Inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Kesi yake husikilizwa faragha. Mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya, ili ajifunze na arudi kwetu akiwa mwema. Neno lenyewe ni kuadilisha, maana yake kumtengeneza mtu tabia.

Nimesoma masharti ya mkopo kwa makini. Sikuona sharti linalomkataza kijana kwa sababu aliwahi kufikishwa mahakamani alipokuwa mtoto. Yanaulizwa uraia, umri usiozidi miaka 35, nafasi ya chuo, na hali ya uwezo. Basi kama mahakama imemwachia, na masharti hayamzuii, mimi na wewe ni nani tumzuie?

Nasema hivi kwa viongozi wa vijiji hasa. Kijana akileta fomu, sahihi yako inathibitisha kwamba unamfahamu na kwamba habari zake ni za kweli. Hukuitwa kumhukumu mara ya pili. Usimzungushe. Usimwambie arudi wiki ijayo wakati muhuri uko mezani. Siku tatu kwako ni kidogo. Kwake zinaweza kuwa mwaka mzima, kama zilivyokuwa kwa mtoto wetu.

TUJIHADHARI

Wako watu mjini wanaojifanya kujua njia za mkato. Huwaambia wazazi, "Nipe fedha, mkopo utatoka." Usimpe. Mkopo hauuzwi. Kijana ajaze maombi yake mwenyewe. Akisaidiwa kwenye kompyuta, asome kila kitu kabla hakijatumwa. Neno lake la siri ni lake, asimpe mtu.

Tusidanganye pia. Kumwandikia cheti cha kifo baba aliye hai ni kosa kubwa la jinai. Tena ni kumwibia yatima wa kweli, kwa maana fedha zina mwisho. Anayedanganya akipata, mwenye shida anakosa.

Mwisho, kijana akikosa mkopo au akipata kidogo, asichane karatasi. Bodi hufungua nafasi ya rufaa. Aliyesahau kuambatisha cheti anaweza kukileta wakati huo.

WAJIBU WA KIJIJI

Ndugu wasomaji, katika kijiji chetu tumeanza jambo dogo. Katika mkutano wa kijiji tulikubaliana kutengeneza orodha ya watoto yatima wote, pamoja na watoto wasio na wazazi wa kuwatunza. Mbele ya kila jina tunaandika: cheti cha kuzaliwa kipo au hakipo, cheti cha kifo kipo au hakipo. Daftari hukaa kwa Mtendaji, wala habari za mtoto hazisomwi hadharani. Kila baada ya miezi mitatu kamati hulitazama. Walezi wasio na nauli ya kwenda wilayani hutumwa mtu mmoja kwa niaba ya kadhaa, na nauli huchangwa.

Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu anayejua kusoma. Wewe unayesoma gazeti hili, sasa unajua kusoma. Kazi hiyo unaiweza. Mjomba wa kijana wetu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na ndiye aliyetunza karatasi vizuri kuliko bwana shamba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika ukoo wenu, ni kifo gani ambacho hakijaandikishwa? Nani atakwenda kukiandikisha, na lini?

2. Je, majina ya mtoto unayemlea ni yale yale katika cheti cha kuzaliwa na katika daftari la shule?

3. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yenu anaitwa nani? Ofisi yake iko wapi?

4. Kijana aliyewahi kufikishwa mahakamani akileta fomu yake kijijini, tutampokeaje?

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Nawatakia kazi njema.

Ni mimi Bwana Shamba wenu.